Zamu ya Mwiko

Siku ya tisa mama yake alipokataa uji, Mama Dawa aliketi kando ya kitanda na kikombe mkononi, akajikuta anamchukia mtu ambaye hakujua hata leo ni siku gani. Chuki hiyo haikukaa. Ilipita, ikaacha aibu nyuma yake, na uji ukapoa.

Mama Dawa ni jina la dirishani. Alikuwa akigawa dawa kwenye kituo cha afya kwa miaka ishirini na miwili, na wagonjwa, ambao walimwona kuanzia kifuani kwenda juu tu, ndio waliompa jina hilo. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na saba. Watoto wake walishaondoka, kila mmoja na njia yake, na katika nyumba ile ya vyumba vitatu walibaki yeye, mama yake, na redio ambayo mama aliamini ina mtu ndani.

Kumbukumbu za mama zilikuwa zikihama kidogo kidogo. Kwanza alisahau miwani ilipo. Kisha akasahau majina ya wajukuu, kisha akasahau kwamba mumewe alikwishafariki, ikabidi afiwe upya mara tatu kwa wiki mpaka bintiye alipojifunza kusema, "Ametoka kidogo, mama, atarudi." Siku hizi hata bintiye alimsahau. Alimwita mdogo wangu, akidhani ni Mama Mdogo, mdogo wake wa kuzaliwa. Kosa lenyewe lilieleweka, maana kadiri Mama Dawa alivyozidi kuzeeka ndivyo alivyozidi kufanana na huyo mama yake mdogo: paji lile lile la uso, mdomo ule ule wa kubana.

Daktari wa kituoni alikuja kumwona kwa hisani. Alimpima, akamfunika vizuri, akamvuta Mama Dawa hadi ukumbini.

"Koo lake zima, tumbo zima. Hataki tu. Akiendelea hivi, wiki mbili, zikizidi tatu. Hakuna kitu anachokitaka?"

"Anataka keki."

"Si umpe keki, dada yangu," daktari akasema, kana kwamba amemaliza kazi.

Kumbe alikuwa ndiyo kwanza ameianzisha. Mama Dawa alileta keki ya duka la mikate la karibu. Mama akainusa, akageukia ukuta. Akaleta nyingine ya duka la mbali, lenye sifa. Mama akatafuna mara mbili, akatema kwenye kiganja cha bintiye, kwa adabu kabisa, kama anayerudisha kitu cha watu.

"Hii siyo," alisema.

"Siyo nini, mama?"

"Siyo yetu."

Yetu. Hilo ndilo lilikuwa jina la keki ile, haikuwa na jingine. Bibi yake Mama Dawa aliipata kwa mama yake, akawafundisha binti zake wawili, na kila ulipokuwepo ugeni wa maana nyumbani iliokwa kwenye sufuria nene, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko. Mama Dawa aliila mpaka akafika miaka sita. Alikumbuka juu yake ilivyokuwa inapasuka katikati, na ndani ilivyokuwa ya njano, na harufu ya maganda ya limau. Chini ya limau kulikuwa na ladha nyingine, nzito, ambayo ulimi uliikumbuka lakini jina lake lilikataa kuja. Baada ya hapo mama hakuoka tena. Hata mwiko wa nyumba ile ulitoweka wiki ile ya msiba, na tangu siku hiyo mama alikorogea kijiko kirefu cha bati.

Msiba wenyewe ulikuwa wa mdogo wake Mama Dawa. Alikuwa na miaka mitatu, na nyumbani walimwita Mkia, kwa sababu popote alipokwenda dada, yeye alikuwa nyuma yake, hata chooni. Homa ilimchukua siku moja tu, kufumba na kufumbua. Hivyo ndivyo alivyoambiwa, na hakuwahi kuuliza zaidi, kwa kuwa kila alipotaja jina la Mkia mama alisimama na kutafuta kazi ya kufanya jikoni.

Lakini Mama Dawa alikuwa na kitu chake kimoja cha siku ile, na alikitunza. Wao wawili walikuwa wakigombania kulamba mwiko. Mama alipomaliza kuchanganya unga wa keki, mwiko uliobaki na rojo ulikuwa mali, na vita vyake vilikuwa vya kweli, vya kung'atana, mpaka mama akaweka zamu: leo wewe, keki ijayo mwenzio. Siku ile ya mwisho ilikuwa zamu yake yeye. Naye alimwachia Mkia. Kwa shingo upande, ndiyo, huku machozi yakimlengalenga, lakini alimwachia, na Mkia akaulamba mpaka pua ikajaa unga, akacheka. Jioni hiyo akafa. Mama Dawa aliwahi kuwasimulia wanawe kisa hicho zaidi ya mara moja. "Angalau nilimpa zamu yangu," alimalizia hivyo kila mara, na moyo wake ulitulia.

Sasa alitaka keki ile, na hakuwa na vipimo vyake. Akajaribu mwenyewe. Ya kwanza maji yalizidi unga, na hapo sisemi kwa mafumbo, yalizidi kweli. Ya pili ilitoka nzuri ya kupelekea wageni, mama akaitema. Ya tatu aliiongezea samli, akakaanga unga kidogo kabla, akakuna limau mpaka vidole vikamwuma. Mama alikishika kipande mkononi kwa muda mrefu, akakinusa, akasema, "Hajui kupika huyu. Mdogo wangu, mwambie aende zake." Mikono ya mama ilikuwa imebaki mifupa na mishipa. Alipomgeuza kumbadilishia shuka alimwinua kwa mkono mmoja, akaogopa jinsi alivyokuwa mwepesi.

Kituoni alifanya kazi huku akili iko kwingine. Pale dirishani palikuwa na fomu mpya, na kila mgonjwa alipaswa kuulizwa swali moja kabla ya kupewa dawa.

"Una mzio wa dawa yoyote, baba?"

"Mzio ndiyo nini?"

"Kitu ambacho mwili wako haukitaki. Ukikipata unavimba, unawashwa, pumzi inabana."

"Basi mzio wangu ni mama mkwe," mzee akasema, na foleni nzima ikacheka. Mama Dawa aliandika Hapana, akagonga muhuri.

Alibaki mtu mmoja wa kuulizwa, na huyo alikuwa Mama Mdogo. Kumwendea hakukuwa kazi rahisi. Mama na Mama Mdogo hawakuwa wamesemezana kwa miaka ishirini na saba, na watu wa nyumbani waliuita ugomvi wa masufuria, kwa kuwa ilidaiwa mmoja aliazima masufuria akayarudisha yameungua. Mtoto mdogo tu ndiye angeamini kwamba ndugu wawili wanaweza kutupana kwa sababu ya masufuria. Mama Dawa alikuwa bado anaamini.

Mama Mdogo aliishi upande wa pili wa mji, kwenye chumba kilichonukia mafuta ya cherehani, ingawa macho yalikuwa yamemwachisha ushonaji zamani. Alifungua mlango, akamtazama juu mpaka chini.

"Shikamoo, Mama Mdogo."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu."

"Basi umepotea njia. Karibu hivyo hivyo."

Akamkaribisha kiti, akamwekea chai, akamsikiliza. Aliposikia dada yake ana siku kumi na nne hajala, aliacha kukoroga chai. Aliposikia neno keki aliweka kikombe chini kabisa.

"Mwache mama yako apumzike. Keki ile ilishakwisha."

"Vipimo tu, Mama Mdogo. Sikuombi kingine."

"Mpe maziwa. Mpe ndizi, mponde."

"Nimempa vyote. Anavitema. Namwinua kwa mkono mmoja, unaelewa? Mama yangu, kwa mkono mmoja." Hapo alishindwa kujikaza. Alilia kwa sauti ambayo hakuipanga, ya kukwaruza, mbele ya mwanamke ambaye hakumwona tangu arusi yake.

Mama Mdogo alimsogezea chai. Kisha akainuka, akashusha kopo la vifungo kutoka juu ya kabati, akachimba ndani kwa vidole mpaka akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Upande mmoja ilikuwa imebabuka kwa moto.

"Mama yako alilitupa daftari motoni siku ya pili baada ya kuzika. Mimi niliokoa ukurasa huu. Ni vipimo vya mama yetu." Hakuuachilia mara moja. "Fuata kama ilivyoandikwa. Neno kwa neno. Usiongeze, usipunguze. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Na usiniulize kitu."

Mama Dawa hakuuliza. Alimbusu mkono, akatoka mbio kama mwizi. Karatasi aliifungua akiwa kwenye kituo cha basi, amesimama, mkoba umebanwa kwapani. Mwandiko ulikuwa wa mama, wa ujanani, wenye herufi zilizoinama mbele.

Unga, vikombe vitatu. Sukari, kikombe kimoja na nusu. Mayai, matano. Samli, miiko miwili. Maziwa, nusu kikombe. Limau moja, ganda tu. Hamira ya keki, kijiko kidogo. Karanga za kusaga, kikombe.

Kwenye mstari huo wa mwisho neno kikombe lilikuwa limekatwa kwa wino wa buluu, na juu yake limeandikwa jingine, kwa nguvu, mpaka kalamu ilitoboa karatasi: mwiko.

Karanga. Mama Dawa alisimama pale akatabasamu peke yake. Bila shaka ni karanga. Nyumbani kwao hazikuingia kamwe alipokuwa anakua. Mama alisema zinampa kiungulia, na yeye mwenyewe akazoea kutokula, hata alipoolewa. Ndiyo maana ulimi ulikumbuka na jina halikuja. Kuhusu neno lile lililokatwa hakusumbuka. Maisha yake yote yalikuwa ni kusoma marekebisho ya namna hiyo: daktari anaandika vidonge viwili, anakata, anaandika kimoja. Kipimo kimepunguzwa. Samli miiko miwili, karanga mwiko mmoja. Kazini, rekebisho lisilo na sahihi alilirudisha kwa daktari kwanza, akauliza, hata kama foleni imefika barabarani. Hili hakulirudisha. Basi lilikuja, akapanda.

Jumamosi mchana alimuaga aliyekuwa akimwangalia mama, jirani mmoja mwenye maneno mengi, akafunga mlango wa jikoni, akaanza. Alikaanga karanga, akazimenya, akazisaga. Akapiga mayai na sukari mpaka mkono ukafa ganzi. Akatumia sufuria nene na mkaa, mfuniko umebebeshwa makaa, ingawa oveni ilikuwepo. Karanga alizipima kwa mwiko wake wa siku zote, mmoja, umejaa sawasawa, bila kilima. Baada ya nusu saa ile harufu ilitoka chini ya mfuniko, limau juu na kile kizito chini yake, na miguu yake ilitaka kukimbilia nje kumwita Mkia.

"Nini hicho?" sauti ikatoka chumbani. Mama hakuwa ameuliza kitu chochote kwa siku nne.

Alimpelekea ingali moto. Mama alikuwa tayari amejiinua kwa kiwiko. Alinusa, akafumba macho, akafungua kinywa, na Mama Dawa akakitia kipande cha kwanza akiwa ameshika pumzi. Mama akatafuna. Akameza. Akafungua kinywa tena.

Alikula kipande kizima, akaomba maji, akanywa, akala cha pili mpaka nusu. Makombo yalimjaa kifuani. Mama Dawa aliyaokota moja moja, akacheka, akayala, akafuta machozi kwa kanga, akacheka tena. Alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuwa nayo tangu amzae mtoto wake wa kwanza. Alikuwa ameshinda.

Mlango wa mbele ukagongwa. Alikuwa Mama Mdogo, amevaa vizuri, mkoba mikononi, amekuja mwenyewe baada ya miaka ishirini na saba. Alikuwa na maneno aliyoyaandaa njiani, ilionekana. Hakuyasema. Alisimama kizingitini, pua ikacheza.

"Umetia karanga."

"Kama ilivyoandikwa," Mama Dawa akasema, bado ana tabasamu. "Mwiko mmoja. Mama Mdogo, anakula. Njoo umwone, anakula."

Mama Mdogo hakusogea. "Mwiko mmoja," akasema, polepole. Uso ulikuwa umemshuka. Akamfuata Mama Dawa mpaka chumbani kama mtu anayepelekwa, akasimama kwenye miguu ya kitanda.

Mama aliwatazama wote wawili. Macho yalikuwa maangavu, ya mtu aliyeshiba. Akamwonyesha Mama Mdogo kwa kidevu, lakini aliyemsemesha ni binti yake.

"Mdogo wangu, huyu mama ni nani?"

"Ni..." Mama Dawa alisita. "Ni mgeni, dada."

"Mwambie mgeni asubiri nje. Nina neno la nyumbani."

Mama Mdogo alibana mkoba kwapani. Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake, lakini nyayo zake hazikwenda mbali. Mama alimshika bintiye kifundo cha mkono, na ile mifupa na mishipa ilikuwa na nguvu.

"Mtoto amelala?"

"Mtoto yupi?"

"Wangu mkubwa. Amelala?"

"Amelala."

"Asijue," mama akasema. "Nimekula keki hii nikakumbuka, lazima nikwambie tena. Asijue kamwe."

"Asijue nini?"

"Usijifanye. Ulikuwepo." Mama alivuta pumzi. "Nilikuwa na mabakuli mawili. Moja la wageni wako wa posa, wewe ndiye uliyetaka karanga, keki ya mama kamili. Na la pili letu, bila karanga, kwa sababu ya Mkia. Unajua alivyovimba ile mara ya kwanza. Hospitali wakasema karanga asipewe tena, nikaandika kwenye daftari, mwiko, nikakata kile kikombe nisije nikajisahau. Kumbe hatari haikuwa mimi kujisahau."

Mama Dawa aliangalia kifundo kilichoshikwa. Alihisi mkono wake uko mbali, unashikwa kwenye mwili wa mtu mwingine.

"Mkaa ulipungua. Nikatoka nyuma kuchukua mkaa, hapo tu, hatua kumi. Nikamwambia yule mkubwa, ya karanga, mwiko kwa mdogo wako. Nilisema hivyo hivyo. Ya karanga, mwiko kwa mdogo wako. Nikarudi nikamkuta Mkia anao mkononi, ameulamba umekuwa mweupe. Nikauliza, nani amempa? Akaniambia, mimi, mama. Si umesema mwiko kwa mdogo wangu?"

Redio ilikuwa ikisema upande wa pili wa chumba. Mama aliitazama kidogo, akamrudia.

"Ana miaka sita, mdogo wangu. Mwiko anaoujua yeye ni ule wa kwenye msumari. Na ilikuwa zamu yake, unajua hilo? Ilikuwa zamu yake yeye, akamwachia mwenzake. Alitii. Mtoto alitii." Alilisugua shuka kwa kidole. "Ningesema usimpe. Usimpe tu, angeelewa. Nikasema mwiko."

Alilia bila machozi, mwili haukuwa nayo ya kutosha. Kisha akatulia, akakaza mkono.

"Ulisema akikua aambiwe. Nimekufukuza kwa ajili hiyo na nitakufukuza tena. Apa."

"Mama..."

"Usiniite mama. Apa kwamba hutamwambia."

Mama Dawa alimtazama yule mwanamke aliyelala mbele yake, aliyebeba sufuria hilo la moto miaka arobaini na moja mikononi bila kuliweka chini, aliyetupa daftari, akauondoa mwiko, akamkataa ndugu yake, akajizulia kiungulia, ili mtoto mmoja aendelee kulala. Angeweza kusema, ni mimi huyu hapa. Angeweza kupiga magoti, akaomba msamaha, au akamsamehe. Mama angesikia, angejua kwamba amejua, na kesho angesahau, au asisahau.

"Naapa, dada," akasema. "Sitamwambia."

"Hajui?"

"Hajui."

"Vizuri." Mkono ukalegea. "Nipe ile nusu iliyobaki."

Akampa.

Jikoni alimkuta Mama Mdogo ameketi kwenye kigoda, ameshika mwiko wenye unga uliokauka, anaugeuza geuza.

"Ilikuwa imeandikwa mwiko," Mama Mdogo akasema.

"Nilisoma mwiko."

"Najua. Nikasema huyu amesoma, anafanya kazi ya dawa, akiliona neno lile atajua hazitiwi. Nilikuwa nimeapa nisitamke. Nikaona karatasi itasema badala yangu." Akauweka mwiko mezani kwa uangalifu. "Mwanangu, hukuwa na kosa. Si wakati ule, si leo."

Mama Dawa aliinama kwenye ndoo ya makombo, akatapika keki yote aliyoila. Mama Mdogo alimshika mgongo mpaka alipomaliza. Kabla jua halijashuka mgeni akaenda zake, bila kuagana na dada yake, ambaye asingemjua.

Jumapili alioka keki nyingine, isiyo na karanga. Hakutaka kuzigusa, mikono ilimkatalia. Mama akanusa, akageukia ukuta. "Hii siyo," akasema. Mama Dawa akakaa pale mpaka mchana ukapita, akambembeleza, akampa maziwa, yakatemwa. Saa kumi akarudi jikoni, akawasha mkaa, akashusha kikaango, akamimina karanga ndani. Alizipima kwa mwiko ule ule.

Jumatatu alikuwa dirishani kama kawaida. Mtu wa tatu kwenye foleni alikuwa mama kijana amebeba mtoto wa miaka mitatu hivi, mwenye kikohozi, na nyuma yake msichana mdogo ameshika upindo wa nguo yake. Mama Dawa alivuta fomu. Alilitazama neno lililochapwa pale, mzio, akalipiga mstari kwa kalamu.

"Kuna kitu chochote ambacho mtoto huyu hatakiwi kupewa?" akauliza. "Chakula au dawa. Kitu ambacho ukimpa kinamdhuru."

"Hakuna."

"Kikiwepo siku yoyote, sema hivi: usimpe. Mwambie kila mtu, mwambie na huyu dada yake. Usimpe. Usitumie neno jingine."

Mama kijana alimtazama kwa mashaka, akachukua chupa yake ya dawa, akaondoka. Watu wa nyuma walinong'onezana kwamba leo Mama Dawa ameamkia ubavu mbaya. Aliita anayefuata.

Mama aliongezeka uzito. Daktari alipokuja tena alishangaa, akampa Mama Dawa mkono wa pongezi, akasema kweli hakuna dawa kama chakula cha nyumbani. Mashavu yalianza kurudi. Kila siku baada ya kazi aliwasha mkaa, akasaga, akapiga mayai, akamkatia kipande akingali na sare ya kazini, na kila siku mama alikinusa kwanza, akafumba macho, kisha akamshika kifundo cha mkono kabla ya kufungua kinywa.

"Mdogo wangu. Mtoto hajui?"

"Hajui, dada."

"Apa."

Mama Dawa aliapa, na mama akala.